Ukitaka Kumjua Kwotabeki, Mtazame Kocha

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kinyozi wa Columbus, Ohio. Ikifika Agosti, karibu kila mteja anayekaa kwenye kiti changu huja na swali moja: mwaka huu kwotabeki wa Ohio State ni nani? Usidhani ni mambo ya watoto wa shule. Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam unachukua watu 60,000. Huu wa Ohio State, chuo chetu, unachukua zaidi ya 100,000, na siku ya mechi mji mzima huvaa nyekundu.

Kwa wewe uliyekulia kwenye soka, katika futiboli ya Kimarekani kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Ana sekunde tatu hivi za kuamua: aurushe kwa mwenzake aliye mbele, ampe mkimbiaji aliye pembeni yake, au akimbie nao mwenyewe kabla majitu ya upande wa pili hayajamwangusha. Nafasi hii ni kama ya golikipa: anacheza mmoja, na habadilishwi ovyo. Namba mbili anaweza kumaliza msimu jezi yake ikiwa safi. Na chuo kikubwa huwa na makwotabeki watatu au wanne, kila mmoja alikuwa nyota wa mji wake kabla hajafika.

Ndiyo maana ubishi hauishi. Mteja wangu mmoja, bwana wa Lubumbashi, yeye huangalia mkono tu.

“Kaka, umeona anavyourusha? Yadi sitini!”

“Nimeona, kaka. Na ule alioutupa mikononi mwa adui umeuona?”

Hapo ndipo tunapoachana. Mtazamaji hupenda mpira mrefu, kocha hupenda mpira usiopotea. Kocha hamtafuti mwenye kipaji kikubwa kuliko wote. Anamtafuta yule atakayemwachia timu usiku akalala. Ukiliweka hilo akilini, kubashiri kunakuwa na njia.

Kwanza, puuza maneno. Kila kocha atawaambia waandishi kwamba vijana wake wanakaribiana sana. Uliza nani anafanya mazoezi na kikosi cha kwanza. Saa za mazoezi zina kikomo, na wapokeaji bora hawawezi kurudia kila zoezi na kila kwotabeki. Kijana anayepewa sehemu kubwa ya mazoezi hayo katikati ya Agosti ndiye kocha anayemwandaa.

Pili, angalia nani ameshaingia kwenye moto akatoka mzima. Novemba 2017, kwotabeki wa Ohio State, J.T. Barrett, aliumia katikati ya mechi na Michigan, mahasimu wa jadi. Aliyeingia ni marehemu Dwayne Haskins, akaiongoza timu kushinda 31 kwa 20. Msimu uliofuata nafasi ikawa wazi, na wagombea wakawa watatu. Mmoja wao aliitwa Joe Burrow, ambaye alikuwa ameshamaliza digrii yake. Mambo ya mazoezi yalipoegemea kwa Haskins, Burrow akahamia LSU, kule Louisiana, mwezi Mei 2018.

Je, kocha alikosea? Haskins alirusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga, msimu huo. Burrow naye, mwaka 2019, alirusha 60, akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo na ubingwa wa taifa juu yake. Aliyekosa nafasi si lazima awe dhaifu. Wakati mwingine chuo kimoja kina wafalme wawili na kiti kimoja.

Tatu, hesabu nani anaweza kuondoka. Zamani mchezaji aliyehama chuo kabla ya kumaliza digrii alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 kikwazo hicho kiliondolewa kwa anayehama mara ya kwanza, na mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Kwa hiyo kocha akimtangaza mshindi mapema, aliyeshindwa anaweza kufunga mizigo akaenda kwa jirani dirisha la uhamisho likifunguliwa. Ndiyo maana baadhi ya makocha huchelewesha tangazo kwa makusudi. Mpaka dakika za mwisho, “bado hatujaamua” inaweza kuwa na maana kwamba wameshaamua zamani.

Chukua Ohio State ya 2025. Wagombea wakuu walikuwa Julian Sayin, aliyehamia kutoka Alabama mapema 2024 baada ya kocha Nick Saban kustaafu, na Lincoln Kienholz, aliyekaa chuoni muda mrefu zaidi na mwenye miguu myepesi. Kocha Ryan Day alimtangaza Sayin tarehe 18 Agosti, siku kumi na mbili tu kabla ya kukutana na Texas. Siku ya mechi, Sayin alirusha pasi ishirini, zikafika kumi na tatu, hata moja haikunyakuliwa. Ohio State ikashinda 14 kwa 7. Bwana wa Lubumbashi alilalamika kwamba hakuona maajabu. Nikamwambia kwamba kocha hakumtuma kuonyesha maajabu. Ulinzi wa timu ulikuwa imara, kazi yake ilikuwa kutoharibu.

Hata hivyo, njia hizi zinakueleza atakayeanza msimu, si atakayeumaliza. Mwaka 2014 hapahapa Columbus, namba moja alikuwa Braxton Miller. Bega likamtoa Agosti, kabla ya mechi ya kwanza. Akaingia Barrett, akacheza vizuri mpaka akavunjika kifundo cha mguu mechi ya Michigan, mwishoni mwa Novemba. Akabaki namba tatu, Cardale Jones. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya ligi dhidi ya Wisconsin: 59 kwa 0. Akaifunga Alabama 42 kwa 35, kisha Oregon 42 kwa 20, na ubingwa wa taifa ukaja nyumbani. Agosti ile, ni nani angemtaja?

Georgia nao wana kisa chao. Stetson Bennett aliingia chuoni 2017 bila hata ufadhili wa michezo, akaondoka, akarudi. Mwaka 2021 alianza msimu akiwa nyuma ya JT Daniels. Daniels akaumia, Bennett akaingia, akaitunza mipira, na mwishowe nafasi ikawa yake. Alimaliza na vikombe viwili vya taifa mfululizo.

Na Alabama, Januari 2018, ilikuwa nyuma 13 kwa 0 wakati wa mapumziko ya fainali ya taifa. Saban akamweka benchi Jalen Hurts, aliyeongoza timu msimu mzima, akamwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 26 kwa 23. Miezi kumi na moja baadaye, kwenye fainali ya ligi yao, Tua akaumia, Hurts akatoka benchi na kuiokoa timu ileile. Angekuwa amehama kwa hasira, kikombe kile kingekwenda kwingine.

Basi ndugu msomaji, ukianza kuufuatilia mchezo huu, usiniulize nani ana mkono mrefu. Tazama nani anafanya mazoezi na kikosi cha kwanza, nani hapotezi mpira, na nani kocha ameshamwona kwenye shida. Ukimpata, mtaje bila woga. Kisha jifunze na jina la namba mbili, kwa sababu kabla ya Desemba unaweza kulihitaji.