Tembeeni Shambani Kabla ya Kushika Pampu

Wengi wetu tukiona mdudu kwa mboga, mkono unaenda kwa pampu ya dawa. Kwanza tembeeni shambani kama kikundi, asubuhi jua likishatoka, maana kipepeo haruki vizuri kabla mwili haujapata joto. Piteni polepole, mkiinua majani na kuangalia chini yake.

Kwa sukuma wiki mtakuta vidukari. Karibu nao huenda kuna kijidudu cheusi chenye madoa ya rangi ya chungwa, umbo kama la mamba. Wengi humponda, kumbe ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi! Mtoto na mzazi wote hula vidukari. Mkipiga dawa mnawaua pamoja, na vidukari huzaana upesi kuliko wao.

Kwa milimau, kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, hivyo ndege humpita. Akikua huwa kijani. Mkimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Kwa mche mdogo mtoeni kwa mkono, atamaliza majani yote. Mti mkubwa utamvumilia, naye atakuwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano.

Huko Gede, karibu na Malindi, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walianza mwaka 1993 kufuga viwavi. Kiwavi akishajifunga kuwa pupa, huuzwa ng'ambo, hata Uingereza na Marekani. Ilibidi kwanza wajue kila kiwavi hula majani ya mti gani, kisha wapande mti huo.