Jina la Ukoo na Jina la Kambi: Wanubi wa Kibera

Neno "ukoo" ni kongwe katika Kiswahili, lakini "jina la ukoo" ni fungu la maneno ambalo wengi wetu tumelizoea kutokana na fomu za serikali. Fomu hutaka majina matatu, na la mwisho huchukuliwa kuwa ndilo la ukoo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi, jina hilo la tatu halibebi ukoo hata kidogo, na kwamba kumbukumbu ya ukoo imehifadhiwa mahali ambapo karani hatazami.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu Mchina alistaajabu kusikia kwamba baba yangu na babu yangu hawakuwa na jina moja la mwisho. Kwao jina la ukoo hutangulia: katika Mao Zedong, Mao ni la ukoo na Zedong ni la mtu. Hurithiwa kwa kawaida kutoka kwa baba, na mwanamke huolewa pasipo kulibadili. Hata majina adimu yenye silabi mbili, kama Ouyang na Sima, yana asili yake inayosimuliwa katika vitabu vya nasaba.

Sisi tuna njia nyingine. Tuchukue Kawangware, mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji, ambao jina lake hunasibishwa na neno la Kikikuyu ngware, yaani yule ndege tumwitaye kwale au kware. Huko mtoto wa Kikikuyu hupewa jina la babu au bibi kwa utaratibu maalumu, mzaliwa wa kwanza wa kiume akichukua la babu mzaa baba. Hivyo jina huruka kizazi kimoja na kurudi. Majina ya kike kama Wanjiru na Wambui ni ya mabinti wa Mumbi ambao mbari kuu zimeitwa kwao. Jirani yake Mbukusu huitwa Wanjala kwa kuzaliwa wakati wa njaa, au Wekesa wakati wa mavuno, na dada zao Nanjala na Nekesa. Hapa majira ndiyo yanayosema, wala si nasaba. Fomu ilipoingia, ilikidondosha hata kile kiunganishi kidogo: Wanjiru wa Kamau akawa Wanjiru Kamau, na jina la baba likaanza kujifanya la ukoo.

Tuje sasa kwa Wanubi. Hawa si wa Nubia ya Misri na Sudan ya kaskazini, ingawa jina linadanganya. Babu zao walikuwa askari waliotoka katika makabila mengi ya kusini mwa Sudan na nchi zinazopakana nayo, wakatumikia chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao katika utumishi wa Waingereza, na baadaye wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Waliwekwa Kibera mwanzoni mwa karne hiyo. Jina lenyewe ni kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Lugha yao, krioli iliyotokana na Kiarabu cha kambini, ilichambuliwa na Bernd Heine katika kitabu kilichotoka mwaka 1982.

Kambi iliwapa lugha moja na dini moja, na pamoja na dini majina ya Kiislamu. Mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Mjukuu anapozaliwa, jina la mwisho husukumwa nje ya cheti. Baada ya vizazi vitatu hakuna dalili iliyobaki kwamba babu mkuu alikuwa Mmoru au Mwaluru. Lakini tazama vitongoji vya Wanubi: Kambi Muru, Kambi Aluru, Kambi Lendu. Wamoru ni watu wa Sudan Kusini, Waaluru wa Uganda na Kongo, Walendu wa Ituri. Kile ambacho jina la mtu lilikiacha, ardhi ilikishika. Kwa maoni yangu hayo ndiyo majina ya ukoo ya Kibera.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetaka kitambulisho alipigwa msasa mbele ya kamati, kwa kuwa jina lake halikumwonyesha karani kijiji cha asili katika Kenya. Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua mwaka 2011 kwamba watoto wa Kinubi walikuwa wamebaguliwa katika suala la uraia. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ile hifadhi ya ekari zaidi ya 4,000 iliyotangazwa mwaka 1918.

Mwanafunzi wangu mmoja alizaliwa huko. Katika ofisi moja aliulizwa jina la ukoo, akajibu "Kambi Muru". Karani aliliandika kwenye nafasi ya anwani.