Bustani ya Amani na Miti ya Hanang

Tangu tarehe 3 Desemba 2023, matope yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji vya jirani, habari ya miti ya mlimani si jambo la mzaha kwa wananchi wa Hanang, wala kwa ndugu zao wa Mbulu. Kwa hiyo twapenda kuwapeleka wasomaji wetu hadi Amani, katika Usambara ya Mashariki.

Walowezi wa Kijerumani walifyeka msitu huko wapande kahawa. Mavuno yakapungua upesi, maana ardhi ile, ijapokuwa yaonekana nono, hupoteza rutuba mara miti yake ikiondolewa. Mwaka 1902 serikali yao ikaanzisha Amani kituo cha elimu ya mimea na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann. Ikaletwa mimea ya kila pembe ya dunia: mikwinini, mikafuri, mipira, viungo na miti ya mbao, ikapandwa kuanzia juu mlimani hadi bonde la Sigi. Shabaha ilikuwa mazao ya kuuzwa Ulaya, si chakula cha mwananchi. Waliofyeka na kuchimba mashimo walikuwa vibarua wa Kiafrika. Majina yao hayamo katika vibao vya miti. Lakini ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara laitwa Saintpaulia, kwa heshima ya bwana mmoja mtawala wa Kijerumani!

Hata hivyo haki isemwe. Waingereza walipokitwaa kituo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifanyika kazi moja ambayo sisi twaiona bora kuliko zote. Batobato ilikuwa ikiharibu mihogo ya wakulima. Katika miaka ya 1930 mabwana Storey na Nichols waliuzalisha muhogo pamoja na ndugu yake, mti wa mpira uliotoka Brazili, kisha wakarudia kuchanganya kizazi hicho na muhogo hadi wakapata mbegu iliyostahimili ugonjwa na kuzaa vizuri. Mbegu za Amani zilifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walizitumia kuzalisha aina mpya zilizoenea Afrika. Ndiyo kusema chakula cha maskini kilitoka katika shamba lililokusudiwa biashara ya matajiri.

Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulianza kuhamishiwa Muguga, Kenya. Wataalamu wa malaria wakashika majengo, na bustani ikaachwa imezwe na magugu. Tangu 1997 imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000.

Lakini msitu haukusahau. Mwaka 1913 ulipandwa Amani mti uitwao musizi huko Uganda, mti mwema kwao, wenye kukua haraka. Wakataji mbao walipofungua nafasi msituni, musizi ukaingia na kuwazuia wenyeji wasiote. Watakaochagua miche ya Hanang waulize kwanza wazee wa Kibarbaig na Kiiraqw ni miti gani iliyoshika miteremko ile zamani, kabla ya kuagiza mche kwa sababu tu wakua upesi. Huko Amani musizi ulienea msituni kwa msaada wa ndege. Hondohondo walikula matunda yake, wakaruka, wakaziangusha mbegu mbali.