Mkate wa Mayai Hauhitaji Beking Pauda

Ukimwalika mwenzako chai ya alasiri, mpikie mkate wa mayai. Keki hii ya pwani, inayojulikana Mombasa na Unguja, rojo lake halina siagi, maziwa wala mafuta. Ni mayai, sukari, unga wa ngano, iliki na zabibu kavu za kunyunyiza juu. Kwa kuwa vitu ni vichache, kosa dogo huonekana, na ndiyo maana wengi hukimbilia beking pauda. Naomba waiache. Ikizidi huacha ukakasi ulimini, na kazi yake mayai yanaiweza.

Yai likipigwa, protini zake zilizojikunja hufunguka na kushikana kuzunguka viputo vya hewa. Sukari huyeyuka katika maji ya yai na kulifanya povu liwe zito, lisizame upesi. Moto ukilifikia, hewa ile hutanuka, maji hugeuka mvuke, mkate hupanda. Kisha protini huganda na kulishika umbo. Sukari huchelewesha kidogo kule kuganda, mkate ukapata nafasi ya kupanda vya kutosha.

Kwa mayai 6 ya kawaida, chukua sukari gramu 180 na unga gramu 180. Asiye na mizani apime sukari kikombe kimoja kisichojaa na unga kikombe kimoja na nusu. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja, maana yakiwa baridi huchelewa kutoa povu. Bakuli liwe kavu, lisilo na mafuta, kwa sababu mafuta huvunja povu. Piga mayai na sukari pamoja mpaka rangi ipauke na rojo lifure. Ukiinua mwiko, linalodondoka liache mchirizi unaokaa juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kupotea. Kabla ya hapo usitie unga, hata mkono ukichoka. Mkate unaotoka bapa na mzito kama sabuni mara nyingi umeharibikia hapa.

Unga uchekeche, uutie kwa mafungu matatu. Pitisha mwiko chini ya bakuli, inua rojo, lilaze juu ya unga, na uache mara tu weupe wa unga unapopotea. Ukikoroga kwa nguvu unavunja viputo ulivyovihangaikia, na gluteni ya ngano inakazana, mkate ukawa mgumu. Iliki uwe umeitwanga mwenyewe pamoja na sukari kidogo, uitie pamoja na unga. Ya kununua ikiwa unga imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya harufu yake.

Katika oveni, nyuzi 180 zinatosha, kwa dakika 30 hadi 40. Dakika 20 za mwanzo usifungue mlango: baridi ikiingia kabla kuta za viputo hazijaganda, katikati hubonyea. Wanaooka kwa mkaa huweka makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko. Wana sababu nzuri, kwani chuma cha chini huunguza upesi, huku uso ukihitaji joto ili upate rangi. Zabibu zinyunyize uso ukishaanza kushika. Mapema zaidi zitazama. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Uache upoe kabla ya kuukata. Ukiwa moto, ndani bado ni laini mno na kisu huugandamiza. Kwa kuwa mkate wenyewe una sukari ya kutosha, ninapendelea kuuandalia chai ya rangi yenye tangawizi, isiyotiwa sukari, kila mmoja ajitilie apendavyo.

Mkate usio na mafuta hukauka haraka. Uoke siku ileile unayomtarajia mgeni, adhuhuri ikipita, na kitakachobaki mfungie aende nacho nyumbani.