Je, Wajua? Magavana wa Mwaka wa Witiri

Marekani humchagua rais kila baada ya miaka 4, na katikati ya muhula wake hufanyika uchaguzi wa Bunge. Chaguzi zote hizo huangukia miaka ya shufwa: 2020, 2022, 2024. Hata hivyo, yapo majimbo 5 ambayo magavana wake huchaguliwa mwaka wa witiri, serikali kuu ya Washington ikiwa haina uchaguzi wake. Humo ndimo vituko vingi vya siasa za nchi hiyo vimetokea.

Majimbo yenyewe ni yapi?
New Jersey na Virginia hupiga kura mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais. Kentucky, Mississippi na Louisiana hupiga mwaka mmoja kabla. Wanaoutetea utaratibu huu husema mwananchi anapaswa kumpima gavana kwa shule, barabara na kodi za jimbo lake, asichukuliwe na upepo wa urais.

Je, upepo huo huzuilika?
Virginia inajibu: hapana. Tangu 1977 hadi 2025 jimbo hilo limechagua gavana mara 13, na mara 12 ameshinda mgombea wa chama kisichoshika Ikulu ya Washington. Aliyeuvunja mwiko ni Terry McAuliffe, mwaka 2013. Mwaka 2025, Donald Trump wa Republican akiwa rais, Abigail Spanberger wa Democratic alishinda na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana wa Virginia. Siku hiyo hiyo Mikie Sherrill, wa chama hicho hicho, aliinyakua New Jersey.

Je, wajua kwamba gavana wa Virginia hawezi kutetea kiti chake?
Ndilo jimbo pekee linalomkataza gavana kushika mihula miwili mfululizo. Anayetaka kurudi lazima kwanza akae nje. Mills Godwin alifanya hivyo: aliongoza 1966 hadi 1970 akiwa Democratic, akarejea 1974 akiwa Republican.

Mjukuu wa watumwa
Richmond, mji mkuu wa Virginia, ndio uliokuwa pia makao makuu ya majimbo ya Kusini yaliyopigania kuendeleza utumwa katika vita vya 1861 hadi 1865. Mwaka 1989, Virginia hiyo hiyo ilimpa ushindi Douglas Wilder, ambaye babu na bibi yake walizaliwa utumwani. Akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana nchini humo. Alishinda kwa tofauti isiyofika kura 7,000, kati ya karibu milioni 1.8 zilizopigwa.

Gavana aliyeapishwa akiwa mahututi
Uchaguzi wa Kentucky wa 1899 ulizua mzozo mkali. Mgombea aliyepinga matokeo, William Goebel, alipigwa risasi nje ya jengo la Bunge la jimbo mjini Frankfort tarehe 30 Januari 1900. Kesho yake alitangazwa mshindi na kuapishwa kitandani, na tarehe 3 Februari akafariki. Hadi leo ndiye gavana pekee wa jimbo la Marekani aliyeuawa akiwa madarakani. Katika jimbo hilo hilo, kila gavana huapa kwamba hajawahi kupigana na mwenzake pambano la kupangiana kwa silaha za kuua.

Kura nyingi zisizotosha
Katiba ya Mississippi ya 1890, iliyoandikwa kwa nia ya kuwanyima watu Weusi nguvu ya kura, ilimtaka gavana apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia zaidi ya nusu ya wilaya za uwakilishi. Mwaka 1999 Ronnie Musgrove aliongoza bila kufikisha nusu ya kura, na wilaya zikagawanyika 61 kwa 61. Baraza la Wawakilishi la jimbo ndilo lililompa ugavana. Wapiga kura walikifuta kifungu hicho mwaka 2020.

Na viti vya Bunge la taifa?
Seneta akifa au akijiuzulu, majimbo mengi humruhusu gavana kuteua mtu wa kukikalia kiti kwa muda. Kiti cha Baraza la Wawakilishi hakina njia hiyo: Katiba ya Marekani inataka uchaguzi mdogo tu, hata mwaka wa witiri. Lyndon Johnson, aliyekuja kuwa rais, aliingia Bungeni kwa mlango huo Aprili 1937. Mwaka 2009, kaskazini mwa New York, mgombea wa Republican, Dede Scozzafava, alijitoa siku chache kabla ya kura na kumuunga mkono mpinzani wake wa Democratic, Bill Owens. Owens akashinda.

Kiti kilichoamuliwa kwenye bakuli
Mwaka 2017, wagombea wawili wa baraza la chini la Bunge la Virginia walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Tarehe 4 Januari 2018 majina yao yalitiwa kwenye bakuli la kauri, likachomolewa la David Yancey wa Republican. Chama chake kikabaki na viti 51 dhidi ya 49. Shelly Simonds, aliyeikosa bahati hiyo, alikitwaa kiti mwaka 2019.

Anayesema kura yake moja haina uzito, na asimuliwe habari ya bakuli hilo. Zamu inayofuata ya magavana wa mwaka wa witiri ni 2027: Kentucky, Mississippi na Louisiana.