KUTU HAIFICHWI KWA RANGI
Utengenezaji wa Land Rover lililozeeka

Ndugu zangu askari wa jeshi na wa polisi, wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Maneno hayo yalinenwa juu ya mwanadamu, lakini yanalihusu gari vilevile, na hasa gari la kazi ambalo kila siku huwabeba watu wenye silaha na mizigo yao katika njia mbovu. Leo nataka tuzungumze juu ya Land Rover lililozeeka na juu ya ugonjwa wake mkubwa, yaani kutu.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi katika karakana moja ya magari, tuliletewa Land Rover refu la inchi 109, siku mbili kabla ya ukaguzi. Boriti ya nyuma, ile inayoshika ndoana ya kuvutia, ilikuwa imeliwa na kutu hata mkono ukaweza kuingia ndani. Hatukuwa na bati la chuma, wala muda haukutosha. Niliamriwa kuziba matundu, nami nikaziba. Nilisokomeza magazeti ya zamani ndani ya boriti, nikapaka pati juu yake, nikapiga msasa, kisha nikapaka rangi nyeusi. Siku ya ukaguzi gari likang'aa, nasi tukasifiwa.

Majuma machache baadaye mvua ilinyesha, na gari lile likatumwa kwenda kulivuta jingine lililokwama katika tope. Mnyororo ulipokaza, boriti ya nyuma ilikatika yote pamoja na ndoana, na mnyororo ukaruka na kumvunja mguu konstebo aliyekuwa amesimama kando. Gari lilipoletwa karakana nilichungulia mahali palipokatika, nikayaona magazeti yangu. Tangu siku hiyo sijapaka rangi juu ya kutu.

Mtu aweza kuuliza: mbona husemwa kwamba Land Rover haliliwi na kutu? Usemi huo ni nusu ya ukweli, na chanzo chake ni historia. Maurice Wilks, aliyeongoza kazi ya uhandisi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia gari la kijeshi la Kimarekani aina ya Willys katika shamba lake kisiwani Anglesey. Kutokana na gari hilo alipata fikira ya kuunda gari la mkulima. Land Rover la kwanza lilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu Uingereza na kiligawanywa kwa kipimo, lakini alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini uitwao Birmabright, ambao hauoti kutu nyekundu kamwe.

Lakini bodi siyo gari. Chini ya alumini ile imo chasisi ya chuma, yenye boriti mbili ndefu zilizo wazi ndani kama sanduku, zilizoundwa kwa mabati yaliyochomelewa pamoja pembeni. Ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva ni wa chuma pia, na fremu za milango ni za chuma zilizovikwa alumini kwa nje. Ndipo ulipo udanganyifu wa gari hili. Ngozi yake hubaki nzima miaka mingi, hali mifupa inaoza. Aina ya Series II ilianza kuundwa mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971 hadi 1985. Maana yake ni kwamba hata lililo changa kabisa katika jamii hiyo lina umri wa miaka 40 hivi. Hapana budi yale yaliyobaki kazini yachunguzwe mifupa.

Kutu ni nini? Chuma kinapokutana na maji na hewa hugeuka kuwa unga mwekundu ambao hauna nguvu yoyote. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, na kwa hiyo huinua rangi, hupanua maungio ya mabati na kufungua njia kwa maji mengine. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu gari la pwani huoza upesi kuliko la bara. Hata hivyo huku bara tunalo adui wetu, nalo ni tope. Tope likijaza pembe za chasisi hukaa na unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka, na chuma huendelea kuliwa gizani.

Basi ukaguzi wa kweli hufanyika chini ya gari. Osha kwanza chasisi yote kwa maji mengi, uiache ikauke, kisha uingie chini na taa, nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Gonga kila mahali na usikilize. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, kama mtu agongaye ubao mbovu. Unaposhuku, choma kwa bisibisi. Usimwonee gari huruma. Tundu utakalolitoboa leo lilikuwapo tayari; wewe umelifunua tu.

Sehemu za kutazamwa kwa makini ni hizi. Kwanza, boriti ya nyuma, kwa maana hurushiwa tope na magurudumu, na ndiyo inayobeba mzigo wa kuvuta. Pili, mikono ya pembeni ya chasisi, inayoshika ukuta wa dereva na tangi la mafuta. Tatu, mahali springi zinapofungiwa, maana pakikatika hapo ekseli huhama na usukani haumtii dereva. Nne, upande wa chini wa boriti ndefu, ambamo maji hutuama. Tano, sakafu ya miguu ya dereva, nguzo za milango, na pembe za juu chini ya kioo cha mbele. Mwishowe tazama bomba za breki zilizofungwa kando ya chasisi. Mengi ya magari haya yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likitoboka, breki zote hufa kwa pamoja.

Ikiwa kutu ni ya juu juu, kazi ni nyepesi. Sugua kwa brashi ya waya hata chuma cheupe kionekane, paka dawa ya asidi ya fosfori inayogeuza mabaki ya kutu kuwa meusi, kisha rangi ya kwanza yenye zinki, na mwisho rangi nzito ya chasisi. Lakini ikiwa bati limetoboka au limekuwa jembamba, hakuna rangi wala pati itakayolirudishia nguvu. Hapo ni kukata na kuchomelea.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, fikiri juu ya moto. Tangi la mafuta la Land Rover aghalabu liko chini ya kiti cha mbele, karibu kabisa na chasisi. Liondoe, ulipeleke mbali. Wala usidanganyike kwamba tangi tupu halina hatari. Tangi tupu limejaa mvuke wa mafuta, na mvuke ndio unaolipuka. Ondoa betri, fungua waya za altaneta, toa mazulia na viti, na umweke mwenzako kando na ndoo ya mchanga na chombo cha kuzimia moto. Ikiwa chuma kimepakwa zinki, sugua zinki yote mahali pa kuchomelea na ufanye kazi penye hewa nyingi, kwa sababu moshi wake humletea mtu homa. Miwani ya kiza, glavu za ngozi na nguo nzito si mapambo.

Jambo la pili ni kulitegemeza gari. Chasisi iliyokatwa haina nguvu ya kujishikilia, nayo ikipinda wakati wa kazi itabaki imepinda milele. Weka gari juu ya stendi imara, mahali pa tambarare, wala usitegemee jeki peke yake. Pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, uandike vipimo, na upime tena kila baada ya hatua moja. Kama sehemu kadhaa zimeoza, tengeneza moja, uimalize, ndipo ukate nyingine.

Sasa kata. Kosa la mafundi wengi ni kukata tundu lenyewe tu na kuacha ukingo ulioliwa. Chomeleo juu ya ukingo huo hupasuka, kwani bati jembamba huyeyuka na kutoboka. Endelea kukata hata ufike kwenye chuma kizima chenye unene wake wa asili, hata kama tundu la ukubwa wa sarafu litakuwa na ukubwa wa kiganja. Kiraka kiwe cha bati la milimita 2 au 3, kisiwe chembamba kuliko chuma cha asili. Katika boriti ndefu, usiweke chomeleo lililonyooka kukatiza boriti kutoka juu hadi chini, kwa maana mstari huo utakuwa mahali pa kukatikia. Afadhali kiraka kikatwe kwa umbo la almasi, ili chomeleo lipite mshazari na mzigo ugawanyike.

Funga waya wa ardhi wa mashine karibu na mahali pa kazi, umeme usipitie katika beringi na kuziharibu. Tumia elektrodi nyembamba, ya milimita 2.5, na umeme usiozidi. Shika kiraka kwanza kwa vidoa vichache, kisha chomelea vipande vifupi, kimoja upande huu na kimoja upande ule, ukiacha chuma kipoe. Chomeleo refu la mara moja hupinda bati. Gonga gaga lote litoke na utazame kama chuma kimeungana kweli. Chomeleo lililokaa juu kama nta bila kuingia ndani ni sawa na magazeti yangu.

Alumini ina sheria zake. Haioti kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma mahali penye maji, hasa ya chumvi, hizo metali mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi iliyovimba, hasa ukingo wa chini wa milango. Usijaribu kuichomelea kwa mashine ya kawaida. Kata sehemu iliyoliwa, weka bati jipya la alumini, na ulifunge kwa ribiti za alumini. Kila mahali alumini inapokutana na chuma, weka rangi nzito au ukanda wa mpira katikati. Kubandika kipande cha chuma kitupu juu ya alumini ni kuupanda ugonjwa upya. Hapa pati yaweza kutumika, lakini kwa kusawazisha uso tu.

Kazi haiishi kwenye chomeleo. Moto umeunguza rangi iliyo ndani ya boriti, na huko ndiko kutu itakakoanzia tena. Chasisi ikipoa kabisa, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani yake kupitia matundu yaliyomo, na uzibue yale ya chini ambayo kazi yake ni kutoa maji. Wapo wanaopaka oili chafu ya injini chini ya gari. Oili hiyo huzuia kutu kidogo, lakini hulegeza mpira wa mabomba na wa springi, na ikifika kwenye breki huleta maafa.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva anayeosha tope chini ya gari kila arudipo safari, na kuzibua matundu ya maji kwa kijiti, huiokoa chasisi kwa miaka mingi bila gharama. Anayeosha bodi peke yake, ili gari lipendeze kwenye gwaride, anamlisha adui.

Na liko jambo jingine lisilohitaji bati wala mashine. Kila gari la serikali lina daftari lake. Fundi akiona mfupa umeoza, na auandike humo kwa maneno yaliyo wazi, aseme gari hili lisivute wala lisipakie watu mpaka litengenezwe. Dereva akisikia mlio mgeni au akiona mlango haufungiki kama jana, na amwambie mkubwa wake, kwa maana mlango usiofungika mara nyingi ni habari ya chasisi iliyolegea. Naye mkubwa anayepokea habari hiyo asimkaripie mleta habari kwa sababu ukaguzi umekaribia. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuandika sentensi moja katika daftari la gari lile, nami sikuiandika. Konstebo yule alitembea kwa fimbo muda mrefu, na hakuna aliyemweleza kwamba boriti ile ilijulikana kuwa mbovu kabla haijatoka karakana.