Mama, Nawe Soma Tairi

Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, habari za gari ni za baba na fundi. Mama huulizwa kuhusu ada, sare na unga wa mwezi. Kuhusu tairi haulizwi, naye haulizi. Lakini gari linaposhuka mlima wa Magara kuelekea bondeni, ndani yake wamo mama, watoto, na pengine bibi anayepelekwa kwa daktari. Uhai wa wote hao umeshikwa na vipande vinne vya mpira, ambavyo kila kimoja hugusa ardhi kwa eneo la kama kiganja cha mtu mzima.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga azungushie paa lake kizuizi. Siku zile paa lilikuwa mahali pa kukaa, na mtu akidondoka, mwenye nyumba alidaiwa uhai wake. Gari la familia nalo ni paa ambalo watu wetu wamepanda, na matairi ni kizuizi chake. Kwa hiyo kuyachagua ni kazi ya nyumba nzima.

Sisi wauguzi tunapompokea majeruhi wa ajali, tunatazama pumzi, damu na mifupa. Hatumuulizi tairi lililopasuka lilitengenezwa mwaka gani. Swali hilo mahali pake ni nyumbani, kabla ya safari.

Namba za ubavuni

Mama mwenzangu, ukiweza kusoma kadi ya kliniki ya mtoto, utaweza kusoma tairi. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 205/55 R16 91V. Namba 205 ni upana wake kwa milimita. Namba 55 inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo. R16 maana yake ni kwamba linaingia kwenye rimu ya inchi 16. Namba 91 ni ya mzigo: tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 615. Herufi V ni kikomo cha mwendo, yaani kilomita 240 kwa saa, mwendo ambao hatuuhitaji.

Tafuta pia herufi DOT. Mwishoni mwa maandishi yake kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama tarakimu hizo hazipo upande wa nje, zitazame upande wa ndani.

Tarakimu hizi ni muhimu sana kwetu tunaonunua matairi ya mtumba. Tairi laweza kuwa na meno marefu ya kuvutia, kumbe mpira wake umeshakauka kama ngozi iliyosahaulika juani. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na wengi wa watengenezaji wa matairi husema lisipitishe miaka 10 hata kama meno yapo. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, au uvimbe kama jipu, usilichukue, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Kuhusu meno, ingiza kidole kwenye mifereji ya tairi. Utagusa vinundu vidogo vilivyowekwa kiwandani. Meno yakilingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Kwenye tope la masika usingoje yafike hapo. Tukumbuke pia kwamba hakuna tairi linaloshinda mto uliofurika. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh Desemba 2023 lilitufundisha kuuheshimu mvua.

Rimu za kupendeza

Siku hizi vijana hupenda kutoa rimu za kiwandani na kufunga rimu kubwa za aloi, zile zinazoitwa spoti rimu. Kweli zinapendeza. Lakini rimu ikiwa kubwa, ubavu wa tairi lazima uwe mwembamba ili gurudumu lote libaki na kimo kile kile. Ubavu ndio mto unaopokea kishindo cha shimo na jiwe. Ukiwa mwembamba, kishindo huifikia rimu, nayo hupinda au kupasuka. Barabara ya lami inayopita Katesh yaweza kuivumilia rimu hiyo. Njia za changarawe na mawe za vijijini hazitaivumilia. Kwa njia zetu, chagua rimu ndogo kadiri kitabu cha gari kinavyoruhusu, na tairi lenye ubavu mnene.

Rimu isiyo ya gari lako isilazimishwe. Hesabu ya matundu ya nati, umbali kati yake, na tundu la katikati vyote vilingane na gari. Rimu ikitokeza nje sana, beringi huchoka mapema na tairi hukwaruza bodi gari likijaa watu. Nati za rimu za chuma mara nyingi hazifai kwenye rimu za aloi, kwa hiyo uliza. Baada ya kufunga rimu mpya, nati zikaguliwe tena mkishatembea kilomita 50 hadi 100. Rimu ya aloi iliyopasuka isichomelewe na kurudishwa barabarani.

Kama ni gari la umeme

Magari ya umeme bado ni machache, lakini yamekwisha kuingia nchini. Vijana wetu walioko mijini wataanza kuja nayo nyumbani Krismasi, na wengine watatushauri tununue. Tujue basi kwamba matairi yake yana mambo yake.

La kwanza ni uzito. Betri ya Nissan Leaf ya mwanzo ina karibu kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano. Hata ukitoa uzito wa injini ambayo haimo, gari la umeme kwa kawaida ni zito kuliko la petroli la ukubwa ule ule. Kwa hiyo ile namba ya mzigo isipungue kamwe ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kuna matairi yenye alama XL, yaliyoimarishwa kwa mzigo. Tairi la 205/55 R16 lenye namba 94 na alama hiyo hubeba kilo 670. Hizo ni kilo 55 zaidi ya lile la 91, ingawa kwa macho yanafanana.

La pili, nguvu ya mota ya umeme huja papo hapo, na dereva mwenye haraka humaliza meno upesi. La tatu, rimu nzito na tairi pana hula chaji, na umbali wa kusafiri hupungua. Hilo si jambo dogo pale ambapo mahali pa kuchaji ni haba. La nne, magari mengi ya namna hii huja bila tairi la akiba, bali na dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Dawa hiyo haitasaidia ubavu uliochanwa na jiwe. Tafuta tairi la akiba. Na fundi aoneshwe mahali pa kuweka jeki, maana chini ya sakafu kuna betri.

Fedha zikiwa kidogo

Pengine vitunguu saumu vimeuzwa, na fedha inatosha matairi mawili tu. Nunueni mawili mapya yanayofanana, kuliko manne ya mtumba yasiyojulikana umri. Wataalamu wa matairi hushauri mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele, kwa sababu mkia ukiteleza ni vigumu kwa dereva kulirudisha gari.

Upepo nao upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilicho kwenye kibandiko cha mlango. Mara nyingi kibandiko huonyesha pia kipimo cha gari lililojaa watu na mizigo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata joto, na ndipo hupasuka.

Wapendwa, hatusemi mama amnyang'anye baba kazi yake. Tunasema msaidizi awe msaidizi kweli. Jumamosi hii, mchukue mtoto mmoja pamoja na kalamu na daftari, mzunguke gari. Andikeni kipimo, namba ya mzigo na tarakimu nne za kila tairi, na la akiba msilisahau. Jioni, baada ya chakula na sala, mwonyeshe baba watoto daftari hilo kwa upole. Kama gari ni la kukodi kwa harusi au msiba, chungulieni matairi kabla hamjapanda, na kama ni vipara, semeni hapana.

Tunamwomba Mungu atulinde safarini. Basi na tupande gari ambalo nasi tumelitunza.